Somo la Hesabu: Asilimia ya Nini?



Katika matawi yetu, kutoka mashamba ya chai ya upande wa Fort Portal hadi viwanda vya Jinja, wapo wazazi waliosomesha watoto kwa ujira wa kilo na wa zamu mpaka watoto hao wakapata digrii ya kwanza. Sasa baadhi ya vijana hao wanaomba nafasi ya digrii ya pili huko Marekani, na wanaambiwa wafanye mtihani uitwao GRE. Wanarudi nyumbani na kitabu kinene cha mazoezi na kusema kwamba hesabu zimewashinda. Wazazi wametuuliza: hizo ni hesabu za namna gani, hata mwenye digrii azihofu?

Tuliazima kitabu kimoja tukakaa nacho jioni kadhaa, sisi tulioishia darasa la saba. Tunaeleza hapa tulichokiona, kwa kuwa kinamhusu kijana anayekwenda kwenye mtihani, na kinamhusu vilevile mjumbe wa tawi anayekwenda kwenye majadiliano ya mishahara.

Kwanza mtihani wenyewe. Unatungwa na shirika la Marekani liitwalo Educational Testing Service, lililoanzishwa mwaka 1947, ingawa mtihani wenyewe ulianza kabla yake, katika miaka ya 1930. Ulifupishwa Septemba 2023, na tangu hapo sehemu ya hesabu ina maswali 27 ya kujibiwa katika dakika 47. Alama zake ni kuanzia 130 hadi 170. Jibu baya halikatwi alama, kwa hiyo ni upumbavu kuacha swali bila jibu. Kikokotoo kimo ndani ya kompyuta ya mtihani. Tena vyuo vingi vimeacha kuudai mtihani huu tangu mwaka 2020, basi kijana aulize chuo chake kwanza kabla mzazi hajauza mbuzi wa kulipia ada.

Hesabu zenyewe hazipiti za sekondari, na nyingi ni zile zile za shule ya msingi: asilimia, sehemu, uwiano, wastani, eneo la shamba, na herufi x na y zikisimama mahali pa namba isiyojulikana. Kwa nini basi zinawaangusha wasomi? Kwa sababu swali limetungwa ili mwenye haraka akimbilie jibu la uongo, na jibu hilo la uongo limewekwa pale pale kati ya majibu ya kuchagua, linamngoja. Anayeijua kazi ya majadiliano ataitambua hila hiyo mara moja.

Tazama swali hili. Bei ya kitu ilipunguzwa kwa asilimia 20, kisha ikaongezwa kwa asilimia 20. Sasa bei iko wapi? Mwenye haraka atajibu: imerudi ilipokuwa. Dawa ya maswali ya asilimia yasiyotaja kiasi ni kuweka 100. Mia ikipungua 20 inabaki 80. Sasa asilimia 20 ya nini? Ya 80, si ya 100 tena. Hiyo ni 16. Bei imefika 96.

Uweke mshahara mahali pa bei. Mfanyakazi wa shilingi 200,000 kwa mwezi anakatwa asilimia 20 kwa sababu, anaambiwa, hali ya soko ni mbaya. Anapata 160,000. Soko likipona, anatangaziwa kwamba asilimia zake 20 zimerudishwa, na watu wanapiga makofi. Lakini asilimia 20 ya 160,000 ni 32,000, kwa hiyo anapata 192,000. Shilingi 8,000 za kila mwezi zimepotelea njiani, yaani 96,000 kwa mwaka, na hakuna aliyesema uongo hata neno moja. Ili arudi kwenye 200,000 anahitaji 40,000 juu ya 160,000, nayo ni asilimia 25. Mjumbe asiyeijua 25 hiyo atatia sahihi kwenye 20.

Angalieni pia maneno madogo. Kupanda "kwa" asilimia 20 si kupanda "hadi" asilimia 20. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza na umejaa vineno kama hivyo, na vijana wengi huanguka kwa neno kabla ya kuanguka kwa namba. Ada ya chama ikitoka asilimia 1 ya mshahara na kufika asilimia 2, kiongozi anaweza kusimama mbele ya mkutano na kusema imepanda kwa asilimia moja tu. Si kweli. Imeongezeka maradufu, maana aliyekatwa 2,000 sasa anakatwa 4,000. Mfano huu tumeutoa kwenye vyama vyetu wenyewe, isije ikasemwa kwamba ni waajiri peke yao wanaocheza na asilimia.

Sasa tukae kidogo kwenye swali moja lenye faida kubwa. Mwajiri anaweka mezani mapendekezo mawili, mchague moja. La kwanza: nyongeza ya asilimia 10 mwaka huu, na asilimia 10 nyingine mwaka ujao. La pili: asilimia 20 mara moja sasa, na mwaka ujao hakuna kitu. Lipi bora?

Wengine watasema ni sawasawa, 10 na 10 ni 20. Aliyesoma somo hadi hapa atakataa: 10 ya pili inahesabiwa juu ya 110, kwa hiyo 100 inafika 121, na 121 inashinda 120. Basi pendekezo la kwanza ni bora? Mtihani unapenda kumnasa mtu hapo hapo, aliyejua kidogo akaridhika. Swali halikuuliza mshahara wa mwisho tu. Hesabuni fedha zitakazoingia mfukoni. Kwa mshahara wa 100,000, pendekezo la kwanza linaleta 110,000 kwa miezi 12, yaani 1,320,000, kisha 121,000 kwa miezi 12, yaani 1,452,000. Jumla ni 2,772,000. Pendekezo la pili linaleta 120,000 kwa miezi 24, jumla 2,880,000. La pili limezidi kwa shilingi 108,000 katika miaka hiyo miwili. Baada ya hapo wa pendekezo la kwanza anamzidi mwenzake 1,000 tu kila mwezi, na kama nyongeza nyingine haipo, atahitaji miezi 108 kuifidia hasara ile. Hiyo ni miaka tisa. Wachumaji wangapi hukaa shamba moja miaka tisa?

Hatusemi pendekezo la pili ni bora siku zote. Mwenye kukaribia kustaafu, ambaye malipo yake ya mwisho yanahesabiwa kwa mshahara wa mwisho, anaweza kuwa na sababu ya kulitaka la kwanza. Tunasema tu kwamba swali la "lipi bora" halijibiwi kabla hujauliza: bora kwa nani, na kwa muda gani?

Tufike kwenye jambo lililotupendeza zaidi katika kitabu kile. Yapo maswali ya kulinganisha. Unapewa kiasi A na kiasi B, na majibu ni manne yasiyobadilika: A ni kikubwa, B ni kikubwa, ni sawa, au haiwezi kujulikana kwa habari tulizopewa. Jibu hilo la nne si la mtu mvivu. Mara nyingi ndilo la kweli, na wasomi hulikimbia kwa sababu wamezoeshwa kwamba kila swali lazima litoe namba.

Kwa mfano: kipi kikubwa, x au x mara x? Mtu huweka 2, anapata 4, anasema x mara x. Lakini weka nusu: nusu ya nusu ni robo, na robo ni ndogo kuliko nusu. Weka 1, ni sawa. Basi haiwezi kujulikana. Kijana ajizoeze kujaribu namba za aina zote kabla hajajibu: kubwa, 1, sifuri, nusu, na zilizo chini ya sifuri.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Kiwanda kina idara mbili. Wastani wa mshahara katika idara ya kwanza ni 200,000, na katika idara ya pili ni 300,000. Wastani wa kiwanda kizima ni ngapi? Karibu kila mtu husema 250,000. Jibu ni kwamba haiwezi kujulikana mpaka tuambiwe kila idara ina watu wangapi. Tuseme idara ya kwanza ina watu 90 na ya pili ina watu 10. Jumla ya mishahara ni 18,000,000 na 3,000,000, yaani 21,000,000. Ukigawanya kwa watu 100 unapata 210,000, mbali sana na 250,000.

Sasa watu 50 wa idara ya kwanza wanapunguzwa kazi. Wanabaki 40 na wale 10. Jumla ni 8,000,000 na 3,000,000, yaani 11,000,000, kwa watu 50. Wastani ni 220,000. Katika ripoti ya mwaka itaandikwa kwamba wastani wa mshahara umepanda kwa karibu asilimia 5. Hakuna mtu aliyeongezwa hata senti, na watu 50 wako nyumbani. Basi mjumbe akiambiwa "wastani umepanda", aseme kama mtahiniwa mwerevu: habari hazitoshi, tupeni idadi ya watu wa kila daraja, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Aseme hivyo bila haya. Wapo wajumbe wanaoona aibu kuomba karatasi ya pili, wasije wakaonekana hawakuelewa ya kwanza.

Maswali ya kazi na siku tutayapita upesi, maana wafanyakazi wanayajua kwa mikono. Mmoja hupalilia kipande kwa siku 6, mwenzake kwa siku 3. Wakishirikiana? Anayechukua wastani atasema siku nne na nusu, kana kwamba msaada unachelewesha kazi. Kwa siku moja wa kwanza humaliza sehemu moja ya sita na wa pili sehemu moja ya tatu, pamoja ni nusu, kwa hiyo siku 2. Na kama watu 12 wamepewa kazi ya siku 10, hiyo ni kazi ya siku 120 za mtu mmoja. Siku nne zikipita zimetumika 48, zimebaki 72. Mnyapara akiwaondoa watatu, waliobaki 9 wanahitaji siku 8, si 6. Akidai ziwe 6, kila mmoja anafanya kazi yake na theluthi moja ya kazi ya mwingine, kwa ujira ule ule.

Kuhusu muda: dakika 47 kwa maswali 27 ni pungufu ya dakika moja na robo tatu kwa swali. Kijana akiona swali linamzungusha, aliwekee alama, aende mbele, alirudie kabla sehemu haijafungwa. Afanye mazoezi na saa mezani. Kikokotoo kitamzidishia na kumgawanyia, lakini hakijui asilimia ni ya nini.

Mazoezi. La kwanza: mchumaji alichuma wastani wa kilo 40 kwa siku tano. Achume ngapi siku ya sita ili wastani wa siku sita uwe kilo 42? (Jibu: 52. Sita mara 42 ni 252, toa 200.) La pili lifanyeni pamoja katika mkutano wa tawi, na katibu atuletee jibu lenu: kiwanda kimepunguza wafanyakazi kwa asilimia 20, na kila aliyebaki sasa anatoa kazi zaidi kwa asilimia 25. Je, kiwanda kizima kinatoa zaidi ya zamani, pungufu, au sawasawa? Anzeni na watu 100, kila mmoja akitoa vipande 100.