Ganzi isiyo ya kisukari

SWALI: Daktari, mume wangu ana ganzi miguuni, mwezi wa tatu sasa. Ngazi za stesheni anapanda kwa kushikilia chuma, na hata kuinua mkono kuchana nywele ni shida. Kisukari kapimwa, hana. Wakwe wanasema karogwa. Jirani katupa prednisolone alizobakiza. Ameze? – Mama wa watatu, St Marys, Sydney

JIBU: Asimeze.

Ganzi peke yake isingenishtua sana. Zilizonishtua ni ngazi. Ganzi ya kisukari kwa kawaida huanzia vidole vya miguu na kupanda polepole, nguvu za mapaja zikiwapo. Mtu anayelegea mapaja na mabega pande zote mbili, kwa zaidi ya wiki 8, lazima afikiriwe kuwa na ugonjwa wa CIDP: kinga ya mwili hushambulia ala ya mishipa ya fahamu, ujumbe wa ubongo ukafika kwenye misuli umedhoofu, kama umeme kwenye waya uliochunika.

CIDP yenyewe mara nyingi husikia prednisolone. Ila ina magonjwa ndugu zake. Guillain-Barré, ambao hufikia kilele ndani ya wiki 4, mara nyingi baada ya kuhara au mafua, hausaidiwi na dawa hiyo. MMN, unaolegeza mikono bila ganzi, unaweza hata kuzidishwa nayo. Ndiyo maana kipimo kinatangulia kidonge.

Mwambieni daktari wenu wa familia ampige nyundo magotini. Mguu usiporuka, aombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, apimwe kasi ya umeme kwenye mishipa, na pengine atolewe maji ya uti wa mgongo. Kipimo hiki cha mgongo watu wetu wanakiogopa kupita kiasi. Mkalimani ni bure: TIS, 131 450. Wakwe usigombane nao, waombe tu wasubiri majibu.

Ikithibitika ni CIDP, kuna pia dripu ya imunoglobulini, inayotengenezwa kwa plazima ya maelfu ya wachangiaji damu. Ni ghali mno, lakini Australia serikali hulipia wanaotimiza vigezo. Wengi huirudia kila baada ya wiki chache, wakarudi kazini.

Miadi ya mtaalamu huweza kuchelewa. Akianza kupaliwa, kukosa pumzi, au udhaifu ukipanda kwa siku chache, msiisubiri: pigeni 000.