Kazi ya Mikono Mingi: Daftari au Zana katika Kuandika Programu

Tunapowafundisha wanachuo kuandika programu za kompyuta kwa vikundi, swali moja hutokea mapema: je, mabadiliko ya kila mmoja yaunganishwe kwa mkono, au kwa zana iliyoundwa kwa kazi hiyo? Tutalijibu kwa kazi tuliyoisimamia wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa.

Wanachuo wanne waliandika programu ndogo ya kujumlisha alama za Darasa la Tano. Kila mmoja alikuwa na nakala yake, nao walipokezana kwa flashi. Jioni ya pili mmoja alibandika nakala ya zamani juu ya mpya. Kazi ya mwenzake ya siku nzima ikafutika. Aliyepoteza hakulalamika. Alinyamaza tu, wala hakushiriki tena mpaka tulipomwita. Ndugu mwalimu, hasara hiyo ya pili ndiyo iliyotusumbua.

Tuliwapa daftari moja. Aliye na daftari ndiye mwenye ruhusa ya kubadili. Akimaliza, huandika tarehe, mstari alioubadili na sababu. Kazi haikupotea tena, lakini watatu walishinda wakimngoja mmoja.

Shida hii iliwafika hata mabingwa. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, kwa miaka mingi alipokea mabadiliko kwa barua pepe na kuyaunganisha mwenyewe. Mwaka 2002 alianza kutumia zana iitwayo BitKeeper; ruhusa ya kuitumia bure ilipoondolewa mwaka 2005, akaunda Git. Zana hii huweka historia yote ya kazi katika kila kompyuta, hivyo hurekodi bila intaneti, na mabadiliko yaweza kupelekwa kwa flashi ile ile. Mahali ambapo mtandao huja na kupotea kama ukungu wa Milima ya Livingstone, jambo hilo si dogo.

Basi tukawahamishia kwenye Git, daftari tukalibakiza. Mmoja akabadili jumla ya alama kutoka 50 kuwa 100. Mwingine, katika mstari wa mbali, akapandisha alama ya kufaulu kutoka 20 hadi 25. Git huwaita watu waamue pale mabadiliko yanapogongana mahali pamoja. Haya hayakugongana, yakaunganishwa kimya. Mtoto mwenye 30 kati ya 100 akaandikwa kuwa amefaulu, na orodha ilikuwa karibu kubandikwa ukutani. Aliyegundua kosa ni yule aliyenyamaza, alipokuwa akisoma sababu za wenzake daftarini.

Kwa wanafunzi wawili na kompyuta moja, daftari latosha. Nakala zikizidi hapo, tumia zana, ila watangulie juma moja na daftari ili wajue zana inawaandikia nini. Kabla ya kuunganisha, kila mmoja amsomee mwenzake kwa sauti alichobadili na sababu yake. Sisi hutenga dakika kumi kwa usomaji huo, kabla ya kengele ya mwisho.