SOMO: DAWA YA KUOSHA GARI BILA MAJI, JE, INAHARIBU RANGI?



Somo letu la leo linahusu kazi ambayo wengi huiona ndogo, nayo ni kazi ya kuosha magari. Tunalileta hapa kwa sababu ndani yake limo jambo la mshahara.

Hapa Cibitoke, mtaa wetu wa kaskazini mwa Bujumbura, maji ya bomba hukatika mara kwa mara. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa 6 hadi wa 9, vumbi la barabara za udongo hufunika kila kitu. Gari linalorudi kutoka mashamba ya chai ya Teza au Rwegura hufika likiwa limebadilika rangi. Katika hali hiyo waajiri husikia habari za dawa ya kupuliza, ambayo wauzaji wanasema inaosha gari bila maji.

Tuseme mwenzetu mmoja anayeosha magari ya kiwanda amepewa chupa ya dawa hiyo na kitambaa kimoja. Ameambiwa, "Kuanzia leo hakuna maji." Baada ya wiki chache, gari jeusi la mkubwa linaonekana na mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Mkubwa anasema, "Umeharibu rangi, utakatwa mshahara."

Nani ameharibu? Ni dawa, ni kitambaa, ni vumbi, au ni amri? Mfanyakazi asiyejua kazi yake hawezi kujibu, na asiyeweza kujibu hukatwa. Basi tujifunze.

1. RANGI YA GARI IKOJE

Rangi ya gari si tabaka moja. Juu ya bati huja rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe tunayoiona, nyekundu au nyeusi. Juu kabisa kuna vanishi, ambayo haina rangi bali inang'aa na kulinda yaliyo chini yake. Utaratibu huu wa vanishi ulienea sana katika viwanda vya magari tangu miaka ya 1980.

Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi. Maikroni 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara 1000. Kwa hiyo rangi yote ya gari ni nene kama karatasi ya kuandikia, au zaidi kidogo. Vanishi peke yake mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa watu wengi.

Fundi anapoondoa mikwaruzo kwa polishi ya kukata, haijazi ile mikwaruzo. Anakata vanishi ya pembeni mpaka ilingane na shimo. Kila mara vanishi inapungua, na siku moja itakwisha. Ndiyo maana kuzuia mkwaruzo ni bora kuliko kuufuta.

2. DAWA INAFANYA KAZI GANI

Jina "bila maji" lisitudanganye. Nyingi ya dawa hizi zenyewe ni maji kwa sehemu kubwa. Ndani yake wametia vitu vya aina ya sabuni vinavyolegeza uchafu, vitu vya kuleta utelezi, na mara nyingi nta au silikoni ya kuacha mng'aro. Dawa ikilowesha vumbi, huzunguka chembe zake na kuzifanya ziteleze juu ya vanishi zisikwaruze. Kisha kitambaa huzinyanyua.

Dawa iliyotengenezwa vizuri kwa ajili ya magari haili vanishi. Kwa jambo hilo ni pole kuliko sabuni ya unga ya kufulia, ambayo ni kali, huondoa nta na kuifanya rangi ipauke ikitumiwa kila siku. Basi tuseme wazi: kwa kawaida dawa yenyewe siyo inayoharibu rangi.

3. ADUI NI VUMBI LILILOSUGULIWA

Vumbi la barabara lina chembe za mchanga, na nyingi kati ya hizo ni jiwe liitwalo kwatzi. Wataalamu wana kipimo cha ugumu cha Mohs, kutoka 1 hadi 10, na almasi ndiyo 10. Kioo cha dirisha ni 5 na nusu hivi. Kwatzi ni 7. Jiwe linaloweza kukwaruza kioo, vanishi itaponea wapi?

Dawa inaweza kuzunguka vumbi jepesi. Haiwezi kuzunguka matope yaliyokauka, wala tabaka nene la vumbi la safari. Hapo chembe hubaki kati ya kitambaa na vanishi, na mkono wa mfanyakazi hugeuka msasa bila yeye kutaka.

Tusisahau kwamba hata maji yanaweza kuleta balaa hilo hilo. Mtu anayechovya kitambaa katika ndoo moja tangu mwanzo mpaka mwisho anarudisha mchanga juu ya gari. Kwa hiyo suala si maji au dawa. Suala ni kama mchanga umeondolewa kabla ya kusugua.

4. LINI IFAE, LINI ISIFAE

Kanuni yetu iwe nyepesi: gari ambalo mtoto anaweza kuandika jina lake kwa kidole juu ya vumbi, hilo si gari la dawa. Lioshwe kwanza kwa maji.

Dawa inafaa kwa gari lililolala ndani, lenye vumbi la siku moja au mbili, au alama za vidole. Haifai kwa lori la shambani, kwa gari lenye matope, kwa sehemu ya chini ya milango na magurudumu, wala kwa rangi iliyokwisha pasuka na kuanza kubanduka. Kinyesi cha ndege kisisuguliwe. Kiwekewe kitambaa kibichi dakika chache mpaka kilainike.

Magari ya zamani yasiyo na vanishi huacha rangi kidogo kwenye kitambaa. Anayesimamia aambiwe jambo hilo mapema, asije akadhani gari limeharibiwa siku hiyo.

5. NAMNA YA KUFANYA

a) Gari liwe kivulini, na bati liwe limepoa. Dawa ikikauka juani huacha madoa.
b) Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana.
c) Anzia juu, kwenye paa, ushuke chini. Uchafu mwingi uko chini.
d) Puliza sehemu ndogo mpaka ilowe vizuri, ungoje kidogo. Usibane dawa, ukibana dawa unatumia rangi.
e) Tumia kitambaa laini cha maikrofaiba, siyo shati kuukuu wala gunia. Kikunje mara mbili, kisha mara mbili tena, upate nyuso 8 za kufutia. Uso ukichafuka, geuza.
f) Futa kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Usizungushe mkono.
g) Malizia kwa kitambaa kingine kikavu.
h) Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi juu ya gari mpaka kifuliwe.

Kwa hesabu hiyo gari moja dogo linahitaji vitambaa kadhaa. Mwajiri anayetoa chupa na kitambaa kimoja ametoa nusu ya vyombo vya kazi.

6. KWA NINI TUSIIKATAE

Wako watakaosema, "Basi turudi kwenye maji tu." Tusiwe wepesi hivyo. Mpira wa maji uliofunguliwa unaweza kutoa lita 10 hadi 15 kwa dakika. Dakika 10 ni lita 100 hadi 150, yaani bidoni 5 mpaka 7 na nusu za lita 20. Mama wa Cibitoke anayebeba bidoni kichwani anajua uzito wa hesabu hiyo. Huko Cape Town, Afrika Kusini, ukame ulipozidi, tangu tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliagizwa atumie lita 50 tu kwa siku, na kuosha gari kwa maji ya bomba ya mji kulikatazwa.

Wala kwenda mtoni au ziwani si dawa. Mafuta ya gari huingia katika maji ambayo wengine wanatumia. Mwoshaji naye huumia. Huko Kisumu, Kenya, wataalamu walifuatilia kwa miaka watu waliokuwa wakiosha magari wakisimama ndani ya Ziwa Victoria. Utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa wengi walitibiwa kichocho, wakarudi majini, wakaambukizwa tena. Kichocho kipo pia katika bonde letu la Rusizi.

Njia ya kati ipo. Bidoni moja ya maji ya kumwagia na kuondoa mchanga kwanza, kisha dawa na vitambaa. Maji yanaokolewa, na rangi pia.

7. AFYA YA MWENYE KUPULIZA

Dawa nyingine zina spiriti au mafuta yanayowaka. Tazama chupa: alama ya pembe nne yenye ukingo mwekundu ni onyo. Moto maana yake inawaka. Alama ya mshangao maana yake inaweza kuwasha ngozi au macho. Maandishi yakiwa katika lugha usiyoijua, mwombe mjumbe wa chama akusomee kabla ya kuanza. Usipuliza kuelekea upepo unakotoka. Omba glavu. Mwezi wa Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitangaza kuwa mazingira ya kazi yaliyo salama ni haki ya msingi, na mwosha magari naye ni mfanyakazi.

8. NANI ALIPE

Sasa turudi kwa mwenzetu anayetaka kukatwa. Mkataba Na. 95 wa ILO wa mwaka 1949, wa kulinda mishahara, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Pendekezo Na. 85 la mwaka huo huo linaongeza mambo matatu kuhusu mali iliyoharibika: ithibitishwe wazi kuwa mfanyakazi ndiye mwenye kosa; kiasi kiwe cha haki, kisizidi hasara yenyewe; na kabla ya kukata, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza.

Nafasi hiyo ya kujieleza ndiyo tuliyoisomea leo. Mwenzetu aulize: Gari lilikuwa na vumbi kiasi gani? Nani aliamuru lisimwagiwe maji? Nilipewa vitambaa vingapi? Nani alinifundisha? Mikwaruzo ilikuwapo kabla? Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa gari, lizungukie pamoja na dereva, mwandike katika daftari alama zote mlizoziona, mtie sahihi wote wawili. Daftari la shule linaweza kuokoa mshahara wa mwezi.

Lakini haki ina wajibu. Aliyepewa vitambaa vya kutosha, maji ya kumwagia na mafundisho, kisha akasugua matope makavu ili amalize mapema, chama hakitamtetea kwa uongo. Tunatetea kazi nzuri iliyofanywa kwa vyombo vinavyostahili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mahali petu pa kazi, nani huamua namna ya kuosha magari? Je, waoshaji huulizwa?
2. Tuna vitambaa vingapi kwa kila gari? Vinafuliwa wapi?
3. Je, tunalo daftari la kuandika hali ya gari kabla ya kazi? Kama hatunalo, nani ataanza nalo Jumatatu?