Kamomili Kwenye Karatasi na Kamera: Jinsi ya Kulionyesha Ua Lisidhaniwe Jingine

Tafuta picha za kamomili kwenye simu yako uone. Nyingi zitakazokuja zimepigwa kwa juu: duara la njano katikati, petali nyeupe kulizunguka, na nyuma yake kijani chenye ukungu. Kwa anayetaka kupamba kadi ya salamu, picha hizo zinatosha. Kwa aliyeshika ua mkononi na anataka kujua kama ni kamomili au la, hazimsaidii chochote. Ukiutazama kwa juu, ukoo huu wa mimea una ndugu wengi wanaofanana sana. Piga picha ua la pareto la Molo au la Mufindi kwa juu, uliite kamomili, na wengi watakubali. Na pareto hulimwa kwa ajili ya dawa ya kuulia wadudu, si kwa ajili ya kikombe cha chai.

Ndiyo maana naandika makala hii. Kamomili ni ua ambalo watu hulinywa, na siku hizi wanaojaribu kulima au kuchuma mimea ya dawa huanza kwa kulinganisha mmea walio nao na picha. Mchoraji au mpigapicha anayelionyesha vibaya humpotosha mtu kama huyo hata kama kazi yake ni nzuri machoni. Na habari njema ni kwamba kulionyesha sawasawa hakuhitaji vifaa vya ghali. Kunahitaji wembe, uvumilivu, na kujua pa kutazama.

Tuanze na ua lenyewe. Tunachokiita ua la kamomili ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyokaa pamoja kwenye kitako kimoja. Kila "petali" nyeupe ni kijiua kizima chenye umbo la ulimi, na ncha yake ukiisogeza karibu na jicho ina vijino vitatu. Ile njano ya katikati ni mamia ya vijiua vidogo vyenye umbo la mrija, kila kimoja na midomo mitano. Vijiua hivi vya njano havifunguki kwa pamoja. Huanza vile vya ukingoni, kisha vya ndani yake, vikipanda kuelekea kileleni, ndiyo maana ua lililo katikati ya umri wake lina mkanda wa vijiua vilivyofunguka na juu yake kofia ya vichipukizi vya kijani kibichi. Mkanda huo ndio unaonyesha umri wa ua, na picha inayoupoteza imepoteza mengi.

Kamomili zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kamomili ya Kijerumani, *Matricaria chamomilla*, mmea wa msimu mmoja unaosimama wima; hii ndiyo iliyomo kwenye sehemu kubwa ya chai inayouzwa madukani. Ya pili ni kamomili ya Kirumi, *Chamaemelum nobile*, inayotambaa chini na kuishi miaka mingi. Zote mbili zina majani yaliyochanika vipande vyembamba kama nyuzi. Tofauti yao, na tofauti ya ile ya Kijerumani na wale wanaofanana nayo, imefichwa ndani ya kitako. Pasua kichwa cha kamomili ya Kijerumani kwa wembe kuanzia kileleni mpaka kwenye kikonyo: utakuta kitako kimechongoka na ndani yake ni tupu, pango dogo lenye kuta nyembamba. Ile ya Kirumi kitako chake kimejaa, tena katikati ya vijiua kuna vigamba vidogo. *Anthemis cotula*, ndugu yao mwenye harufu mbaya anayeweza kuwasha ngozi, naye kitako chake kimejaa. *Tripleurospermum inodorum*, gugu la mashamba ya Ulaya linalofanana mno na kamomili ila halina harufu yake, vilevile.

Kwa hiyo picha moja ya upande, ya kichwa kilichopasuliwa, ina thamani kuliko picha kumi za juu. Wachoraji wa zamani walilijua hilo vizuri.

Angalia bamba la kamomili katika *Köhler's Medizinal-Pflanzen*, kitabu cha mimea ya dawa kilichoanza kuchapishwa mjini Gera, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Mmea mzima umepewa nafasi kubwa, majani yake yakionekana wazi. Kisha zinafuata sehemu zilizokuzwa na kupewa namba, na miongoni mwake kichwa kilichokatwa katikati, pango lake likionekana. Mfamasia wa wakati ule aliyeletewa gunia la maua makavu angeweza kuchukua ua moja, kulikata, na kulilinganisha na bamba lile. Ni kazi ya sanaa, rangi zake bado zinavutia, lakini kila kilichomo kimewekwa kwa sababu. Mabamba hayo leo hayana tena hakimiliki na yanapatikana bure kwenye intaneti kupitia Biodiversity Heritage Library. Nawashauri wanaoanza wapakue bamba hilo na kulinakili kwa penseli kabla ya kuchora ua halisi, kwa sababu mkono hujifunza mpangilio upesi kuliko jicho.

Utamaduni huo una mizizi mirefu. Mwaka 1542 Leonhart Fuchs alichapisha mjini Basel kitabu cha mimea chenye picha zaidi ya 500 za mbao zilizochongwa, na mwishoni akaweka sura za waliozifanya: wachoraji Albrecht Meyer na Heinrich Füllmaurer, na mchongaji Vitus Rudolph Speckle. Kumpa mchoraji jina na uso ndani ya kitabu cha sayansi lilikuwa jambo la heshima kubwa kwa enzi ile. Karibu miaka 200 baadaye, Elizabeth Blackwell, mwanamke aliyekuwa akiishi London, alifanya kazi ambayo hadi leo nikiifikiria nainamisha kichwa. Mumewe Alexander alikuwa gerezani kwa madeni. Elizabeth akapanga nyumba karibu na bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, akachora mimea ikiwa hai, akachonga michoro hiyo kwenye shaba na kuipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. Michoro aliipeleka gerezani ili mumewe amsaidie na majina ya mimea. Kati ya 1737 na 1739 alitoa mabamba 500, manne kila wiki, na kitabu hicho, *A Curious Herbal*, kikamtoa mumewe kifungoni.

Huku kwetu pia kazi ya namna hii ipo. Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, alikuwa kwanza mchoraji wa maua ya Kenya, na michoro yake mingi inahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, *Flora of Tropical East Africa*, imejaa michoro ya wino mweusi ambamo kila ua limefunguliwa na kupimwa. Anayetaka kujifunza mchoro wa mistari bila rangi asitafute mwalimu mbali na hapo.

Sasa twende kwenye vitendo. Kama unaishi nyanda za juu zenye baridi, unaweza kupanda kamomili yako mwenyewe. Mbegu ni ndogo sana na zinahitaji mwanga ili ziote, hivyo zinyunyize juu ya udongo uliolainishwa, uzikandamize kidogo bila kuzifukia, na umwagie maji kwa upole. Maua huja baada ya miezi miwili au mitatu hivi. Asiye na mmea hai anunue chai ya maua mazima, si ile ya pakiti iliyosagwa. Chukua vichwa vichache visivyovunjika, viloweke kwenye maji ya moto mpaka vilainike, kisha vitoe kwa kibano na kuvipasua kwa wembe mpya juu ya kigae cheupe. Petali zitakuwa zimejikunja na weupe umefifia, lakini pango la kitako utaliona, hasa ukiwa na kioo cha kukuzia mara kumi. Mazoezi ya jumla ya vichwa vya namna hii unaweza kuyafanya kwa kishona nguo kilichoota nyuma ya nyumba. Ni cha ukoo huohuo, na hakuna atakayekulaumu ukiking'oa.

Kwa kamera, adui wa kwanza ni weupe. Kamera hupima wastani wa mwanga wa fremu yote. Ua dogo jeupe likiwa mbele ya majani meusi, kamera huona giza na kuongeza mwanga, petali zikaungua na kubaki mabaka meupe yasiyo na mistari wala kivuli. Kwenye simu, gusa ua ili fokasi ikae hapo, kisha buruta alama ya jua kushuka chini mpaka uone mifereji myembamba inayokwenda urefu wa petali. Kwenye kamera yenye mipangilio, punguza mwangaza kwa theluthi ya stopu mpaka stopu moja. Ukiweka ua juu ya karatasi nyeupe inayojaza fremu, mambo yanageuka: kamera itaifanya karatasi kuwa ya kijivu, na hapo ndipo unapoongeza.

Jua la saa sita mchana liepuke. Chagua asubuhi, au kivuli cha wazi, au shika karatasi nyembamba ya kuokea kati ya jua na ua ili mwanga ulainike. Mwanga unaotoka ubavuni ndio unaoonyesha kwamba njano ya katikati imepanda kama koni. Kichwa kizima kina upana wa sentimita mbili hivi tu, kwa hiyo fokasi ni suala la milimita. Usiusukume uso wa simu mpaka karibu kuligusa ua. Rudi nyuma kidogo na utumie lenzi ya kuvuta mara mbili, au nunua kale kalenzi ka kubana juu ya simu. Kwenye kamera, tundu la f/8 hadi f/11 huleta ukali wa kutosha. Upepo ni tatizo kuliko watu wanavyodhani: chomeka kijiti kando ya kikonyo na ukibane kwa kibanio cha nguo, nje ya fremu. Kisha piga picha tatu bila kukosa: kwa juu, kwa ubavu usawa wa kichwa, na ya kichwa kilichopasuliwa kikiwa kando ya rula. Picha ya jani moja lililolazwa juu ya karatasi iwe ya nne.

Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa mjini Berlin, alipiga picha za mimea kwa kamera aliyoitengeneza mwenyewe, akiikuza hadi mara 30 mbele ya mandhari tulivu ya kijivu au nyeupe. Kitabu chake *Urformen der Kunst* cha mwaka 1928 kinastahili kutazamwa na kila anayedhani kwamba picha nzuri ya mmea inahitaji machweo na ukungu.

Mchoraji naye ana shida yake: ua jeupe juu ya karatasi nyeupe. Wengi hukimbilia rangi nyeupe ya bomba, nami nawaambia waiache. Weupe wa karatasi ndio weupe wa petali; kazi yako ni kuuzingira. Chora kwanza majani na vichwa vingine nyuma ya ua ili kijani chao kikate ukingo wa petali. Vivuli vipake kwa kijivu chepesi mno cha kuchanganya buluu ya ultramarini na kahawia ya udongo, na pale petali inapoingia chini ya koni ongeza dokezo la njano ya kijani, kwa sababu rangi ya katikati huakisiwa hapo. Karatasi iwe nzito na yenye uso laini, brashi iwe na ncha kali.

Kwenye ile njano usimwage vitone ovyo. Vichipukizi vimepangwa kwa mistari inayozunguka pande mbili, na ukiihesabu, mara nyingi utapata namba kama 13 upande mmoja na 21 upande wa pili. Weka mistari hiyo kwa penseli kwanza, ndipo upake. Kichwa kilichochorwa bila mpangilio huo huonekana mara moja kuwa kimebuniwa, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuhusu picha nyingi za maua zinazotengenezwa na kompyuta siku hizi: petali nzuri, katikati ya kubahatisha, majani ya mmea mwingine kabisa. Usizitumie kumwelekeza mtu anayechuma dawa.

Kuna jambo moja mchoro unaliweza kuliko picha: kuweka nyakati kadhaa kwenye karatasi moja. Chora kichipukizi kilichofumba, ua changa lenye petali zilizonyooka na katikati tambarare, na ua zee ambalo koni imepanda na petali zimelala chini zikigusa kikonyo. Mmea wa kamomili hubeba hatua zote hizo kwa pamoja, kwa hiyo hulazimiki kusubiri.

Wapo pia wanaopenda njia iliyo katikati ya sanaa hizi mbili, ile ya kuchapa kwa jua kwenye karatasi inayogeuka buluu. John Herschel aliibuni mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kutengeneza kitabu cha mwani wa Uingereza. Karatasi hupakwa chumvi za madini ya chuma, mmea hulazwa juu yake chini ya kioo, na jua letu hufanya kazi kwa dakika chache kabla ya kuosha kwa maji. Kwa kamomili matokeo yanageuza rangi: njano ya katikati, kwa unene wake, hubaki nyeupe, na petali nyeupe zinazopitisha mwanga hutoka buluu hafifu. Majani ndiyo hupendeza kupita yote. Bana ua kwanza ndani ya magazeti kwa siku chache, ukibadilisha magazeti kila siku, la sivyo unene wa koni utainua kioo na kingo zitakuwa na ukungu.

Ukimaliza, andika pembeni au nyuma: jina la Kilatini ikiwa una uhakika nalo baada ya kupasua kichwa, mahali mmea ulipoota, tarehe, na kipimo. Kipimo ni mstari mfupi ulioandikwa "sm 1", mdogo tu, chini ya kila sehemu uliyoikuza. Kama hukupasua kichwa, andika ukoo peke yake, Asteraceae, na uache nafasi ya jina.