Kivuli cha Saa Saba: Burudani ya Sayansi Mbali na Kompyuta

Walimu ninaokutana nao huniuliza swali moja mara kwa mara: mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kompyuta na simu apewe jambo gani la kumfurahisha saa za mapumziko, jambo atakalolirudia kwa hiari yake bila ya kusukumwa? Lugha yetu yenyewe yatutahadharisha hapa. Neno uraibu lilitumika tangu zamani kwa vitu vya kujifurahisha, kama vile tambuu na tumbaku. Leo hii latumika zaidi kwa mazoea yanayomtawala mtu. Baina ya maana hizo mbili hapana ukuta mrefu.

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tuseme kidogo juu ya macho. Mtu atazamapo kitu kilicho karibu, msuli ulio ndani ya jicho hujikaza ili kuifanya lenzi ivimbe. Atazamapo mbali, msuli huo hulegea. Aidha, mtu aliyekaza macho kwenye kioo cha kompyuta hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na hivyo macho hukauka. Kwa watoto liko jambo zito zaidi, nalo ni kutoona mbali. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za Guangzhou, nchini China. Watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, kati ya kila watoto 100 wa shule hizo 30 hivi walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, ilhali katika shule nyingine walikuwa karibu 40. Sababu inayotajwa zaidi ni mwanga mkali wa nje.

Mimi mwenyewe sikuyajua hayo nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari. Kazi yangu ilikuwa ya hesabu ndefu za kompyuta, na kwa miaka minne sikutazama kitu kilicho mbali kuliko ukuta wa chumba. Niliporudi nyumbani Kasulu kwa likizo ya mwezi Juni, nilimkuta mpwa wangu wa kidato cha tatu ameketi barazani, kichwa ameinamia simu. Sikuwa na haki ya kumkemea. Nilimwomba tu anishikie ufito uani nipime kivuli.

Ufito huo ulikuwa na historia yake. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu mmoja aliuliza katika mtihani: kivuli huwa kifupi kabisa saa ngapi? Niliandika saa 7 mchana, kwa kuwa ndivyo nilivyoona nyumbani. Nilipewa sifuri. Jibu lililotakiwa lilikuwa saa 6, kama kitabu kilivyosema.

Kitabu hakikusema uongo, ila hakikuandikwa Kasulu. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao haugusi kabisa ardhi ya Tanzania. Hupita Somalia, karibu na mji wa Mogadishu. Kasulu iko longitudo 30 na kidogo. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Hivyo basi digrii 15 zinazotutenga na mstari huo ni dakika 60 kamili. Mwezi Juni jua hulifikia kilele chake Dar es Salaam kama saa 6 na dakika 25, na sisi wa Kasulu na Kibondo hulisubiri hadi saa 7. Wenzetu wa Burundi hutumia saa za longitudo 30. Kwa sababu hiyo, mtu avukaye mpaka pale Manyovu huirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, na kwa kufanya hivyo huikaribia saa ya jua la kwao Waha kuliko saa iliyo ukutani mwa shule yetu.

Mpwa wangu aliposikia hayo alicheka, akasema, "Kwa hiyo mjomba, ulionewa." Kisha akauliza kama kivuli kile kingeweza kutuambia jambo jingine. Hapo nikamsimulia habari za Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alijua kwamba katika mji wa Syene, ambao leo huitwa Aswan, jua huwa la utosi siku moja ya mwaka, wakati Alexandria siku hiyo hiyo bado kuna kivuli. Pembe ya kivuli hicho ilikuwa sehemu ya hamsini ya duara. Basi umbali wa miji hiyo miwili, ukizidishwa mara hamsini, ndio mzingo wa Dunia nzima. Nampenda mtu huyu kwa sababu moja ya ziada: alikuwa na maktaba kubwa kuliko zote za wakati wake, na bado akaona inafaa kutoka nje.

Mpwa wangu ana binamu yake Kibondo, msichana wa kidato cha nne. Wakakubaliana kwa simu (simu nayo ina kazi yake) kila mmoja asimamishe ufito wa meta 2 na kupima kivuli kifupi kabisa. Wakati tuliouchagua ni kati ya tarehe 18 na 25 Juni. Ni kiangazi, anga ni jeupe, na siku hizo jua halisogei kaskazini wala kusini kiasi cha kuharibu hesabu, hata kama Kasulu itapima leo na Kibondo kesho. Jua likiwa kaskazini yetu, kivuli huelekea kusini. Kila baada ya dakika 5, tangu saa 6 na nusu hadi saa 7 na nusu, huwekwa alama chini. Alama iliyo karibu zaidi na shina la ufito ndiyo ya adhuhuri ya kweli, na mstari unaoiunganisha na shina ndio kaskazini na kusini halisi.

Siku ya kwanza Kasulu tulipata sentimeta 106.5, na Kibondo wakapata 104.5. Tulipofanya hesabu, Dunia ilikuwa na mzingo wa kilometa 86,400, yaani zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake! Mpwa wangu alidhani hesabu ndiyo mbovu. Akairudia mara tatu hadi usiku, na nakiri kwamba sikumsaidia kwa makusudi. Kesho yake binamu yake alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amemwomba fundi mwashi timazi, akaiteremsha kando ya ufito, akaona kwamba ncha yake imeinama kuelekea kusini kwa sentimeta 2 na nusu. Tofauti yote ya vivuli baina ya Kasulu na Kibondo ni kama sentimeta 4 na nusu tu. Kosa lile dogo lilikuwa limekwisha kumeza zaidi ya nusu yake.

Liko kosa la pili, nalo ni gumu kuliona. Jua si nukta bali ni duara, na kwa sababu hiyo ukingo wa kivuli hauna mkato. Kwa ufito wa meta 2, ukungu wa ukingo huo ni zaidi ya sentimeta 2. Dawa yake ni rahisi. Chukua kipande cha bati, kitoboe kwa msumari tundu la milimeta 5, kisha kikaze mlalo juu ya ufito kijitokeze pembeni. Chini katikati ya kivuli cha bati patatokea doa la mwanga la mviringo, ambalo ni sura ya jua lenyewe. Pima hadi katikati ya doa. Teremsha timazi kutoka kwenye tundu hadi sakafuni uweke alama. Pima urefu kwa uzi huo na umbali kutoka kwenye alama hiyo. Sasa hata ufito ukiinama haidhuru kitu. Sakafu tu ndiyo ikaguliwe kwa pima maji. Mwanafunzi asilitazame jua kwa macho hata mara moja. Hana haja, maana kila kitu kiko chini miguuni pake.

Kwa njia hii, tundu likiwa sentimeta 200 juu ya sakafu, Kasulu tulipata tena 106.5 na Kibondo wakapata 102. Gawanya kila kimoja kwa 200, nawe utapata tanjenti 0.5325 na 0.5100. Katika jedwali la hisabati hizo ni pembe za digrii 28.04 na 27.02. Tofauti ni digrii 1.02. Umbali wa kaskazini na kusini baina ya miji hiyo, uliopimwa kwa rula kwenye ramani, ni kilometa 108 hivi. Basi 360 gawanya kwa 1.02, zidisha kwa 108: jibu ni kilometa 38,118. Mzingo wa kweli ni karibu 40,000. Tulikosea kwa sehemu 5 hivi katika 100, kwa ufito, bati na uzi.

Angalia kwamba umbali utakiwao si ule wa barabara, wala ule wa mstari mnyofu kati ya miji hiyo, ambao ni kama kilometa 128, kwa kuwa Kibondo iko pia mashariki ya Kasulu. Mwanafunzi mkali atauliza: je, aliyechora ramani hakuwa amekwisha kuujua ukubwa wa Dunia? Alikuwa anaujua. Mpwa wangu aliliona hilo kabla sijalisema, likamkera sana. Sasa anapanga kusafiri kwa basi hadi Kibondo, akisoma kipima mwendo cha dereva na kuandika kila kona ambapo barabara inageuka. Nimemwonya kwamba kazi hiyo ni ngumu. Hajanisikia.

Zipo burudani nyingine katika nyanda zetu: mizinga ya nyuki katika miombo, bao chini ya mwembe, kuandika kila siku milimeta za mvua zinazoingia katika kopo. Zote ni njema. Nimekaa kwenye kivuli kwa sababu nimeona kwa macho yangu kilivyomwondoa kijana barazani. Hakuondoka kwa kukatazwa simu. Aliondoka kwa sababu jibu la kwanza lilikuwa baya na hakuweza kulivumilia.

Kwa shule zitakazotaka kujaribu, kuna pia siku za jua la utosi, ambapo ufito uliosimama wima hauna kivuli kabisa. Kasulu ni karibu tarehe 9 Machi, na tena tarehe 4 au 5 Oktoba. Kibondo ni karibu tarehe 11 Machi na tarehe 2 Oktoba. Mwezi Oktoba lindeni mapema, kama saa 6 na dakika 47, maana wakati huo jua huitangulia saa. Mawingu ya mvua za kwanza huharibu mara nyingi. Oktoba iliyopita Kasulu ilifunikwa siku zote mbili, na Kibondo waliona. Binamu alipiga simu kumwarifu mpwa wangu habari hiyo, na nasikia hakuwa na haraka ya kukata.