Mama, Angalia Dawa Imeandikwa mu Fishi ya Mutoto

Munganga akiisha kupima mutoto wako, anaandika dawa. Mara nyingi anaiandika paka ku kartasi kidogo ya kupeleka ku farmasi. Kartasi ile inabaki kule, ao inanyeshewa mvua, ao watoto wanaichezea. Kisha siku tatu, kama mutoto anarudi na homa, nani atajua alikunywa nini?

Tufikiri mama mumoja wa komini ya Katuba. Siku ya kwanza mutoto ana homa, anapewa Doliprane, lakini haikuandikwa mu fishi. Kesho yake mama anamupeleka ku kituo kingine, komini ya Kenya, na kule wanamupa Efferalgan. Mama anafikiri ni dawa mbili mbalimbali, anamupa zote mbili. Kumbe dawa ni ile ile moja: parasetamoli! Ikipita kipimo inaharibu maini, na mutoto anaweza kufa. Mama hakutaka mabaya. Fishi ndiyo ilinyamaza.

Basi, mbele ya kutoka ku chumba cha munganga, angalia kama mambo haya yameandikwa:

1. Tarehe na kilo za mutoto. Kipimo cha dawa kinafuata kilo zake.

2. Jina la dawa yenyewe, si jina la ku kartoni tu.

3. Kipimo cha kila mara: kinini nzima, nusu, ao mililita ngapi za siro.

4. Mara ngapi kwa siku, na siku ngapi. Kwa mufano, zinki ya kuhara inatolewa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Mutoto wa chini ya miezi 6 anapata miligrama 10 kwa siku. Mukubwa kuliko ule, miligrama 20.

5. Jina la munganga aliyeandika.

Tena, kama dawa fulani ilimuvimbisha mutoto ao kumutoa mapele, waandike jina lake ku ukurasa wa kwanza.

Usiogope kuuliza. Mwaka 2017 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilianza kazi kubwa ya kupunguza makosa ya dawa mu inchi zote, na linaomba wagonjwa na wazazi wenyewe waulize. Sema: «Munganga, tafazali, andika mu fishi pia, na unisomee.» Hiyo si kumuzarau. Sisi tunafundisha wanafunzi wetu: kwa munganga wa kesho, dawa isiyoandikwa ni kama haikunywewa. Kama hujui kusoma, omba wakuchoree jua kwa asubui na mwezi kwa usiku.

Weka fishi mu kifuko, mbali na maji. Kuja nayo kila mara, hata ukienda hospitali ingine.

MAULIZO
Fishi ya mutoto wako iko wapi leo? Dawa ya mwisho aliyokunywa imeandikwa ndani?