Mbu Ana Saa Zake: Somo Tulilopewa na Leza ya Lupiro



Tuanze na swali. Je, mbu wengi huruka saa ngapi? Ukiwauliza wenzako darasani watakujibu haraka: "Usiku!" Jibu hilo si baya, ila halijakamilika. Usiku una saa kumi na mbili, na wewe unaingia ndani ya chandarua saa nne au saa tano, baada ya prepo. Kabla ya hapo ulikuwa wapi, na ulivaa nini?

Mwaka 2016 wanasayansi walipeleka leza katika kijiji cha Lupiro, bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ili kuwachunguza mbu wakiwa hewani. Leo tutaona leza ni kitu gani, iliwezaje kumwona mdudu mdogo hivyo gizani, na majibu yake yanakuhusu vipi wewe unayesoma Kitangari, Newala au Masasi.

LEZA NI NINI?

Washa tochi uelekeze ukutani. Ukirudi nyuma hatua kumi, duara la mwanga linakuwa kubwa na hafifu. Mwanga wa tochi hutawanyika, tena ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, na mawimbi yake hwenda kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Ndiyo maana hufika mbali ukiwa bado mwembamba. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani, mwaka 1960.

Ziko leza zinazowaka mfululizo, na ziko zinazotoa mapigo mafupi mno ya mwanga. Kwa nini mtu atake pigo fupi? Fikiria unampiga picha kuku anayekimbia. Kamera ikiwa nzito utapata ukungu tu. Kadiri kitu kinavyokwenda kasi, ndivyo unavyohitaji mmweko mfupi zaidi ili ukinase.

Elektroni ndani ya atomu ina kasi kupita kiasi. Kuifuatilia kunahitaji mapigo yanayopimwa kwa atosekunde. Chukua sekunde moja, igawe mara bilioni moja. Kipande kimoja kigawe tena mara bilioni moja. Hiyo ndiyo atosekunde! Kwa kazi ya kutengeneza mapigo ya namna hiyo, Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2023. Mama L'Huillier ni profesa wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini Sweden.

KUTOKA LUND HADI LUPIRO

Chuo hicho hicho cha Lund ndicho walikotoka wataalamu walioshirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara kule Lupiro. Miongoni mwao alikuwa Mikkel Brydegaard kutoka Lund na Fredros Okumu wa Ifakara. Leza yao haikuwa ya atosekunde. Ilikuwa ya kuwaka mfululizo, tena ya mwanga usioonekana kwa macho. Lakini shida yao ilifanana na ile ya elektroni: kuna kitu kina kasi, na jicho haliwezi kukifuata. Kwao kitu hicho kilikuwa bawa la mbu.

Mtambo wao ulifanya kazi hivi. Mwanga wa leza ulipitishwa hewani kando ya kijiji, umbali wa nusu kilometa. Pembeni ya leza kulikuwa na darubini yenye kamera. Mdudu akikatiza kwenye mwanga, sehemu ndogo ya mwanga ule hugonga mwili wake na kurudi kwenye darubini. Kamera iliusoma mwanga huo maelfu ya mara kwa kila sekunde.

Sasa sikiliza hapa. Ule mlio wa "nziii" unaoudhi sikioni mwako unatokana na mabawa ya mbu, ambayo hupiga mamia ya mara kwa sekunde. Kila bawa linapopiga, mwanga unaorudi huongezeka na kupungua. Kwa kuhesabu mapigo hayo, kompyuta iliweza kutofautisha makundi ya wadudu, na hata dume na jike, kwa sababu mbu dume hupiga mabawa haraka zaidi kuliko jike. Hilo ni jambo la maana kwetu, maana anayeuma ni jike peke yake. Yeye huhitaji damu ili mayai yake yakomae.

Zamani, ili umjue mbu, ilibidi umnase kwenye mtego, au mtu akae ameacha miguu wazi awakamate wanaokuja kumuuma. Leza haimgusi mbu wala haimshtui. Anaendelea na safari zake kama kawaida, nawe unahesabu.

MAJIBU YALIKUWAJE?

Kwa usiku tano na mchana nne, walipata kumbukumbu za wadudu zipatazo theluthi moja ya milioni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science Advances. Ilionekana wazi kwamba mbu hawaruki kwa kiasi kile kile usiku kucha. Wana saa zao za msongamano, kama daladala: jioni giza linapoingia, na alfajiri kunapopambazuka.

Tena kulikuwa na bahati. Tarehe 1 Septemba 2016, karibu saa sita mchana, jua lilipatwa na mwezi. Njia ya kivuli ilipita kusini mwa Tanzania, huku huku kwetu. Ukiwauliza wakubwa wa Newala na Masasi, wapo wanaokumbuka mchana ule ulivyofifia. Kule Lupiro leza ilikuwa inawaka, na ilionyesha mbu wakiruka kwa namna isiyo ya kawaida kwa saa ile ya mchana. Maana yake mbu hafuati tu saa iliyo mwilini mwake. Anaangalia pia mwanga wa nje. Mwanga ukipungua, anatoka.

WEWE HAPO KITANGARI, INAKUHUSU NINI?

Mkoa wa Mtwara, pamoja na Lindi na Ruvuma, ndiyo iliyoanza mpango wa kugawa vyandarua vyenye dawa kupitia shule mwaka 2013. Wanafunzi walipewa vyandarua wakapeleka nyumbani. Huenda unacho mpaka leo, au alikileta dada yako. Ni kinga nzuri sana, usikiache wala usikigeuze uzio wa bustani. Mbu wa malaria huuma sana usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na hapo chandarua hakina mpinzani.

Lakini chandarua hakiwezi kukufuata bombani. Jua likizama, saa kumi na mbili na kitu, wengine wako uwanjani na kaptula, wengine wamepanga ndoo wakisubiri maji, wengine wanarudi kutoka kwenye mikorosho. Alfajiri hali ni ile ile: umeamka kufagia na kuoga wakati mbu naye yuko kazini. Kwa hiyo:

1. Kabla giza halijaingia, vaa nguo ndefu. Suruali, sketi ndefu, soksi, kitenge, chochote kinachofunika miguu na mikono.
2. Ukipata dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, paka kabla ya prepo, siyo baada ya kuumwa.
3. Fungeni milango na madirisha ya bweni mapema jioni. Nyavu za madirisha zikichanika, zishoneni.
4. Funikeni visima vya maji ya mvua, mapipa na matangi, na mfukie madimbwi. Kwenye maji yaliyotuama ndiko mbu anakotaga.
5. Ukipata homa usisubiri wala usimeze dawa kwa kubahatisha. Nenda zahanati siku hiyo hiyo ukapimwe. Ukikutwa na malaria na ukapewa dawa mseto, maliza dozi yote ya siku 3 hata kama umepata nafuu siku ya pili.

ANGALIZO: TOCHI ZA LEZA SI MCHEZO

Vijana wengi wanapenda vile vitochi vya leza ya kijani na kumulikana navyo usoni. Acheni! Katika vingi vya aina hiyo, kinachoanza ndani si kijani bali ni mwanga usioonekana. Mwanga huo ni mkali mno, na ukipita kwenye kipande cha fuwele, fuwele hiyo huunganisha chembe mbili za mwanga kuwa moja yenye nguvu maradufu, ambayo ndiyo kijani. Kitochi kikiwa cha bei rahisi bila kichujio, mwanga usioonekana huvuja pamoja na ule wa kijani. Jicho haliuoni, kwa hiyo halifumbi, nao unaunguza retina kimyakimya. Retina ikiungua, miwani haisaidii.

JARIBU NA UJIULIZE

Usiku, zima taa zote chumbani, washa tochi ya kawaida pembeni, kisha kung'uta blanketi mbele ya mwanga. Vumbi usiloliona mchana litang'aa. Hivyo ndivyo leza ya Lupiro ilivyomwona mbu.

(a) Kwa nini wataalamu walichagua mwanga usioonekana? Kama wangetumia mwanga unaoonekana, mbu wangefanya nini?
(b) Andika kwa wiki moja ulikuwa wapi kila siku kati ya saa 12 na saa 2 jioni, na ulivaa nini. Linganisha na rafiki yako. Nani kati yenu anawakaribisha mbu zaidi?

Majibu yajadilini kwenye klabu ya afya shuleni kwenu. Na leo jioni, kabla ya prepo, vaa soksi.